Kozi Inayokimbilia Kulia

Fairfield,
Sydney, Australia.
Alhamisi, 18 Novemba 2021

Mpendwa Mjomba Elkana,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Kiprono na wote walio hapo nyumbani. Kabla ya jambo lolote, niambie kifua kinaendeleaje. Kiprono aliniandikia kwamba ulikohoa Septemba yote ukakataa kupelekwa hospitali, eti huko ndiko ugonjwa uliko. Mjomba, mimi ni muuguzi na nakubali kwamba huko ndiko uliko, lakini na dawa ziko huko huko. Je, umechanjwa mara ya pili? Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, maana Kiprono akiandika kila mtu huwa mzima, hata aliyelazwa.

Sisi huku tunapumua, na siku hizi hilo si neno dogo. Mume wangu Clifford hajambo na amerudi ofisini. Jacky amerudi shuleni, amerefuka, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini nikitaja chapati anaelewa bila mkalimani. Mimi niko wodini Westmead kama kawaida, na alama ya barakoa puani nadhani imeamua kuhamia.

Tulifungiwa tangu Juni hadi Oktoba. Sisi wa Fairfield na wenzetu wa Liverpool tulifungwa kamba fupi kuliko watu wa upande wa baharini. Helikopta ilizunguka juu ya paa kana kwamba tumeiba ng'ombe. Wagonjwa niliowahudumia miezi ile wengine walikuwa majirani zangu, watu ninaokutana nao sokoni. Hayo nitakusimulia tukionana, Mungu akipenda, kwa sababu kwenye karatasi yananilemea.

Simu najua haikufai tena, baada ya miaka yote ile ya kufundisha askari kulenga shabaha bila kuziba masikio. Lakini hata kama ungesikia, jambo hili ningekuandikia tu. Nina hofu, Mjomba. Unanijua, mimi maziwa yakichelewa kuchemka nadhani gesi itatulipua. Safari hii si hofu ya maziwa, na katika ukoo wetu ni wewe tu utakayeelewa bila kuniambia niache mambo ya wanaume.

Uliniuliza huu ni mchezo gani tunaoucheza mimi na Clifford, wa kukimbia na bastola mkononi, ukasema kwamba askari wako angefanya hivyo ungemtoa uwanjani kwa teke. Wewe ulifundisha watu kujipanga mstari mmoja na kupiga kwa amri. Huku mtu mmoja huchora kozi. Anajenga kuta za mbao na wavu, madirisha, milango, mapipa, na nyuma yake anaficha shabaha za kadibodi na mabamba ya chuma. Mshindani anapita peke yake, kengele ikilia anaanza, na mwenye alama nyingi kwa muda mfupi ndiye mshindi. Nyuma yake, karibu kabisa, anatembea msimamizi mwenye saa ya kupimia. Sheria kubwa kuliko zote ni moja: mdomo wa bastola utazame mbele daima, kwenye tuta la udongo. Ukigeuka nyuma walipo watu, unasimamishwa hapo hapo na siku yako imekwisha. Na hapo una bahati, kwa kuwa risasi haikutoka.

Kinachonivutia si risasi zenyewe. Ni hizo kozi. Watu husahau nani alishinda, lakini kozi nzuri huzungumzwa miaka. Kuna moja ya ubao ulioning'inizwa kwa minyororo, unasimama juu yake ukiyumba na kulenga. Mimi nilishuka na kichefuchefu kama mja mzito. Kuna nyingine unaanza umekaa mezani na kikombe cha chai mkononi, na chai ikimwagika unapunguziwa alama. Mzungu mmoja pale alitetemeka hata kabla ya kengele, na ilikuwa chai baridi.

Ile isiyosahaulika kabisa ilichorwa mwaka jana, wakati watu wa hapa walipopigania karatasi za chooni madukani, na usidhani ninatania, walipigana kweli. Trevor, mzee anayesimamia mashindano ya klabu yetu, alijenga duka zima la mbao. Unasukuma toroli lililojaa karatasi za chooni kwa mkono mmoja, bastola mkono wa pili, ukipita kati ya rafu. Shabaha nyeupe, zile ambazo hairuhusiwi kuzipiga, alizivika barakoa zikawa wateja wenzako. Tulicheka mpaka tukasahau tunaogopana kwa pumzi.

Trevor ana neno moja analolirudia. Husema kozi nzuri haimwambii mtu apite wapi. Inamuuliza tu, na kila mtu anajibu kwa mwili wake. Nilidhani nimelielewa neno hilo.

Basi tulipofungiwa nikaomba kuchora kozi moja ya mashindano ya kwanza tutakapofunguliwa. Nikichoka na wodi nilikaa mezani na masanduku ya nafaka ya Jacky, nikajenga boma la Nyanya. Nikaliita "Ng'ombe Wametoka". Unaanza jikoni, upande wa kushoto, umeshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Kengele ikilia unakiweka chini, unapiga shabaha kupitia dirisha la jikoni, kisha unakimbia kufuata ua wote hadi kwenye lango la zizi, upande wa kulia kabisa. Shabaha nyeupe Jacky alizipaka mabaka meusi zikawa ng'ombe. Ukimpiga ng'ombe, alama zimekwenda.

Huku sheria hairuhusu magazini ya bastola ibebe risasi nyingi. Nilihesabu makusudi ili kila mtu, akimaliza dirisha la jikoni, alazimike kubadilisha magazini huku anakimbia kando ya ua. Nilijiona fundi kwelikweli. Tuliijaribu sebuleni, bastola yetu ikiwa rimoti ya televisheni, mimi, Clifford na Jacky, na ikapita laini kama uji. Kwa kawaida watu kadhaa huitembea kozi kwa miguu kabla haijakubaliwa. Safari hii hakuna aliyeruhusiwa kwenda uwanjani, kwa hiyo Trevor aliikubali kwenye mchoro.

Jumapili iliyopita tulikuwa kanisani, karibu mara ya kwanza tangu tufunguliwe. Baada ya ibada tulisimama nje tukinywa soda. Kulikuwa na Dieudonné, Mkongo wa Uvira anayefanya kazi kwenye ghala huko Liverpool, pamoja na mkewe Cécile. Namfahamu kanisani kwa miaka. Aliingia klabu yetu mapema mwaka huu, akafanya mafunzo ya usalama na mwalimu mwingine mimi nikiwa zamu, na Jumamosi hii ndiyo mashindano yake ya kwanza. Mtoto fulani akagonga meza, chupa ikadondoka, na Dieudonné akaidaka kabla haijafika chini. Aliidaka kwa mkono wa kushoto.

Nikamuuliza kama ni wa mkono wa kushoto. Akacheka.

"Miye ni wa kushoto kabisa, dada. Mukono ya kuume njo ya kula na ya kusalimia watu. Mama alinipiga ku vidole mpaka nikajua. Lakini bastola, hakuna mutu alinifundisha na fimbo. Mukono ikajichagulia yenyewe."

Mjomba, wewe umeshaona, najua. Mtu wa mkono wa kulia akikimbilia kulia huku akibadilisha magazini, mdomo wa bastola unabaki mbele wenyewe, bila hata kufikiri. Wa kushoto akikimbilia upande huo huo, akiinamisha bastola atoe magazini, mdomo unageuka nyuma. Nimejenga ua mzima wa kumgeuza. Na anayemfuata nyuma yake na saa mkononi, katika kundi alilopangiwa Dieudonné, ni Clifford. Baba wa mtoto wangu.

Ningewezaje kutoliona? Unajua ningewezaje. Kwetu mkono wa kushoto si mkono, ni msaidizi. Nyanya hakupokea hata kijiko kilichotolewa kwa kushoto, alikiacha kining'inie hewani mpaka ukumbuke adabu. Nilipofunga macho kuona watu wakikimbia ndani ya boma lile, wote walikuwa watu wa boma lile. Hakuna hata mmoja aliyeshika kitu kwa kushoto.

Jumatatu nilimpigia Trevor. Alinisikiliza vizuri, lakini akasema nikiigeuza kozi ikimbilie kushoto nitawatega wa mkono wa kulia, ambao ndio wengi, na kwamba kila mshindani anawajibika kwa mdomo wa bastola yake. Tutamwambia awe makini, akasema. Ni kweli kisheria, wala simlaumu. Clifford naye amenipa ile yake ya "Relax, babe, ajali haina kinga." Nikamwambia ajali haina kinga lakini mtego una mwenyewe, na tangu hapo tunaongea mambo ya takataka na bili tu.

Nimefikiria kumwambia Dieudonné asije. Siwezi. Cécile hataki hata kusikia neno bunduki, na ana haki baada ya waliyoyaona. Siku moja nilimuuliza Dieudonné kwa nini basi anaufuata mchezo huu. Alinijibu kwamba kwao bunduki haikuwa na mtu wa kuiambia simama. Hapa mzee wa watu akisema "Stop" kila mtu anasimama, hata mwenye bastola. Akasema anataka kuliona jambo hilo mara nyingi mpaka alizoee. Sasa fikiria mtu huyo, siku yake ya kwanza, anatolewa uwanjani mbele ya wote kwa kuelekezea watu bastola. Hayo ndiyo mazuri kati ya yanayoweza kutokea. Yale mabaya siyaandiki.

Kesho kozi zinajengwa, nami niko zamu. Nimeomba ruhusa ya kufika Jumamosi alfajiri kurekebisha. Sijui nitarekebisha nini. Naiacha barua hii mezani, sitaifunga mpaka nijue mwisho wake.

Jumapili, 21 Novemba

Mjomba, naendelea.

Jana tulifika uwanjani kabla ya wengine, mimi na Clifford. Boma lilikuwa limesimama, zuri kuliko nilivyolichora, na ng'ombe wa Jacky wakinitazama. Nilitembea kando ya ua, Clifford akinifuata nyuma, nikishika rimoti kwa mkono wa kushoto, ndiyo, niliibeba kutoka nyumbani, na hatua chache tu mbele ya jikoni nikaona inaelekea kwenye tumbo la mume wangu. Akaenda kuleta mapipa.

Tukaweka mapipa mawili katikati ya ua na juu yake ubao wenye tundu, nikahamishia hapo mabamba mawili ya chuma. Ukifika hapo lazima usimame, utazame mbele, uiname upige. Nilitarajia watu watabadilisha magazini wakishasimama. Trevor alikuja, akazunguka, akajikuna kidevu chini ya barakoa, akakubali. Lakini kati ya jikoni na mapipa palibaki mwanya. Siwezi kumzuia mtu kubadilisha magazini pale akitaka, na mtu mgeni mwenye haraka ndiye hasa atakayetaka.

Wakati wa kuzitembea kozi waliruhusu watu wachache kwa zamu, kila mtu mbali na mwenzake. Nilimsogelea Dieudonné, nikamwonyesha mahali penyewe, nikamweleza pangemgeuza vipi.

"Niliiona, dada," akasema. "Siye ya kushoto tunazoea kuangalia mulango kabla ya kuifungua."

Hilo halikunituliza. Kuona ni kitu kimoja, na kengele ikilia ni kitu kingine. Wewe mwenyewe umeona askari wanaojua kila kitu darasani.

Zamu yake ilipokaribia nikamwendea Clifford nikamwomba saa. Mimi pia nimefuzu usimamizi, kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu, ila kundi lile lilikuwa lake.

"Ni squad yangu, Jep," akasema.

"Na kozi ni yangu. Mimi ndiye nitakayemfuata."

Alinitazama, Mjomba, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba wiki nzima sikuwa nagombana naye. Akanipa saa. Akarudi nyuma walipo wengine, akasimama mikono kichwani kama mtu anayetazama penalti.

Nilisimama nyuma ya Dieudonné. Alishika kibuyu kwa mikono miwili kama maelekezo yanavyotaka. Nikamuuliza kama yuko tayari. Akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza saa, kengele ikalia.

Dirishani alipiga vizuri, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa wakwe. Kisha akageuka kulia akakimbia, nami nyuma yake. Na kama nilivyoogopa, hakungoja mapipa. Mkono wake wa kulia ulikwenda mkandani kutafuta magazini, na wa kushoto ukaanza kuinamisha bastola. Niliuona mdomo wake unaanza kuacha tuta. Nilivuta pumzi niseme neno lile la kumsimamisha, neno ambalo lingemaliza siku yake. Kwa miaka yote ya wodini, na hata miezi ile mibaya, sijawahi kuogopa hivyo.

Kabla neno halijatoka, akasimama mwenyewe. Alisimama katikati ya mahali patupu, pasipo shabaha wala dirisha, mahali ambapo hakuna mshindani yeyote anayesimama. Akakita miguu, akaukabili udongo, mdomo mbele, akabadilisha magazini taratibu huku saa ikila muda wake wote. Nyuma niliwasikia watu wakinong'ona, wakidhani bastola imekwama. Kisha akaenda mapipani, akapiga mabamba, akafika zizini, na mwisho akampiga ng'ombe mmoja wa Jacky katikati ya mabaka.

Alipokwisha kutoa risasi na kurudisha bastola mkandani nikamsomea muda. Ulikuwa muda wa aibu, Mjomba, wa pili kutoka mwisho siku nzima. Niliusoma vibaya hata Njeri mwenye kuandika alama akaniomba nisome tena.

"Uliogopa, dada?" Dieudonné akaniuliza.

"Niliogopa sana."

"Miye pia. Nilisikia viatu yako nyuma. Nikasema, nyuma yangu kuko mutu."

Akaenda kukusanya maganda ya risasi. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha uwanjani nikalia nikiwa na barakoa yangu, nikaloanisha barakoa nzima mpaka nikashindwa kupumua. Clifford alinifuata na nyingine safi. Tumepatana.

Trevor ameisifu kozi, anasema watu wataizungumzia, na ameomba nichore nyingine ya mwakani. Nimemwambia sitachora mpaka ijengwe na kutembewa na mtu wa kulia na mtu wa kushoto, hata kama tutafungiwa tena. Amekubali, na wa kushoto ameshapatikana. Asubuhi hii nilikaa mezani na karatasi tupu. Zamani nilianza na shabaha, kisha kuta, kisha njia ya kukimbilia. Leo kitu cha kwanza nilichochora ni mtu anayetembea nyuma ya mshindani.

Nisalimie Mama Kiprono, Kiprono mwenyewe na mkewe Mwende, na yule mzee wetu Kogo Tapkigen, na umwambie picha ya Jacky iko njiani hata kama posta ya siku hizi inakwenda kwa magoti. Clifford anakusalimu kwa heshima, Jacky naye, kwa Kiingereza. Mungu akulindie hicho kifua, akuzungushie ua usio na tundu, na atuvushe wote upande wa pili wa ugonjwa huu tukiwa bado tunahesabika.

Nakupenda, Mjomba, na nakuogopea pia, kwa kuwa kwangu hayo mawili hayajawahi kuachana.

Mpwa wako asiyekusahau,
Jepchumba